Transista Zisizo na Uso

Leokadia, mama,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea, na ya mchana pia, kwa hiyo hapa hakuna haja ya kuulizana hali. Saa hizi uko Magamba kwa shangazi yako, unaagwa kwa mara ya tatu wiki hii. Watu wa kwetu wakimuaga mtu utadhani wanamzika, wanachinja mpaka kuku aliyekuwa anataga. Utarudi jua likizama, umeshiba, unanuka moshi. Mpaka hapo mimi nina kalamu mbili na daftari lako la kidato cha pili. Umeacha kurasa nyingi tupu humu. Sasa nimejua ulivyokuwa unasoma.

Mambo ya kushika begi vizuri kwenye basi, na kutokula vya mtu usiyemjua, na vijana wa Dar wanaonukia manukato, hayo shangazi yako anakwambia sasa hivi, na kesho stendi atayarudia kwa sauti mpaka dereva naye aelimike. Mimi niache. Nina jambo moja tu na nimekaa nalo miaka kumi na sita.

Nimeona umelifunga lile boksi langu la redio ndani ya kitenge cha marehemu mama yako, ukaliweka katikati ya nguo. Sikupekua. Sawa, nimepekua. Na Jumapili nilikusikia kanisani waliposema useme neno. Ukasimama ukasema, "Baba yangu aliishia darasa la tano, lakini aliunganisha milima ya Mwese kwa sauti. Ndiyo maana naenda kusomea umeme. Boksi lake nitawaonyesha walimu wangu." Watu wakapiga makofi. Padri akanitazama kama mimi ni mtu. Kuku niliyepewa baada ya hapo sikumaliza, na wewe ukadhani ni meno.

Sasa sikiliza. Ukifika huko chuoni watalifungua hilo boksi. Wale ni wasomi, hawatasubiri ruhusa. Na wewe mwenyewe si mjinga, utachungulia. Utakuta transista ndani, vile vidude vyeusi vya miguu mitatu, hazina maandishi, zote zimekwanguliwa, na utakuta moja imewekwa kinyume. Utaanza kujiuliza nani kafanya hivyo na kwa nini. Ukijiuliza vya kutosha utafika penyewe, maana una akili ya mama yako. Afadhali usikie kwangu. Ukishasikia, inawezekana usirudi tena kwenye nyumba hii, na hilo ndilo linalonifanya nivute sigara ya nne wakati daktari aliniruhusu sifuri.

Nianze na mahali nilipojifunza uchawi huu. Shule niliacha darasa la tano, si kwa sababu ya umaskini kama ninavyowaambia watu. Nilimwekea mwalimu mjusi kwenye mfuko wa koti, nikaona si busara kurudi. Nikashuka mpaka makazi ya Warundi, nikapata kazi ya kubeba betri za fundi redio mmoja anaitwa Nyandwi. Mtu mfupi, mkali, anaimba nyimbo za kanisa huku anatukana. Huyo ndiye chuo changu. Alinifundisha kusikiliza redio iliyokufa, kwamba hata iliyokufa ina mlio wake ukiisogeza sikioni. Na alinifundisha jambo lingine. Kila alipomaliza kazi alichukua wembe, akakwangua namba zote juu ya transista na vidude vingine, kisha akapiga msasa mpaka vikawa vyeusi laini kama mbegu za papai.

Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini unavifuta uso?"

"We mtoto, kesho fundi mwingine akifungua, atajua nini?"

"Hatajua kitu."

"Basi mwenye redio atarudi kwa nani?"

Hivyo ndivyo mafundi wote wa huku tulivyofanya kazi. Namba ile ndiyo jina la kidude, inakwambia ni cha aina gani na mguu upi unakwenda wapi. Ukiifuta, wewe peke yako duniani ndiye unayejua. Niliona hiyo ndiyo akili. Nilikuwa na umri kama wako.

Nyandwi aliporudi kwao nikapanda tena Mwese nikiwa fundi kamili, na wembe wangu. Nikaoa nikiwa na mvi tayari. Walisema nimechelewa, mimi nikasema nilikuwa nachagua. Uongo, nilikataliwa na watatu. Skolastika alinikubali kwa sababu redio ya baba yake niliitengeneza nikakataa kuondoka mpaka yeye mwenyewe aje aifungue. Alikuwa mrefu kuliko mimi. Alikuwa na tabia ya kutazama kazi ya mikono yangu bila kusema, na mimi nilidhani ananishangaa. Sasa hivi najua alikuwa anasoma.

Unakumbuka kidogo Mwese ilivyokuwa. Simu haikushika popote, labda upande juu ya jiwe lile la kwa kina Kashindi, na hapo nako ushike kwa kunyoosha mkono kama unamwomba Mungu. Mtu akiumwa ni machela, mabegani mwa wanaume, mwendo wa saa tano kushuka mpaka zahanati ya bondeni. Zahanati ilikuwa na gari, na gari lilikuwa zima. Tatizo ni kwamba huko bondeni hawakujua nani anaumwa huku juu mpaka afike mwenyewe au maiti yake.

Hapo ndipo nikatengeneza zile redio za upepo, za kusema na kujibiwa. Mbili. Moja nyumbani kwetu, nyingine zahanati. Nilizitoa kwenye matumbo ya redio kaseti, redio za magari yaliyopinduka, na spika ya kanisa ambayo padri anadhani iliibiwa na wapagani. Antena ni waya juu ya mwanzi mrefu. Ya bondeni ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wanajikuna nayo, wakimaliza kujikuna sisi huku juu tunasikia muziki wa kwaya kutoka Kigoma. Lakini ilifanya kazi, mama. Siku ya kwanza nilikuwa bondeni nimeshika ya huko, muuguzi kasimama pembeni, wanakijiji wamejaa mlangoni. Nikabonyeza nikasema, "Milimani, mnanisikia?" Kimya. Halafu sauti ya mama yako ikatoka, safi kama yuko chumbani:

"Nakusikia. Umevaa suruali ya kanisani kupandia nguzo. Ukiichana usirudi."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilitoka nje kidogo. Nilisema naenda kukojoa. Nililia, Leo. Mtu wa darasa la tano.

Mama yako ndiye aliyekaa kwenye redio. Mjamzito akishikwa, mtoto akipata degedege, wanakuja kwake, anabonyeza, gari linapanda. Nisingeweza kukuhesabia ni mara ngapi. Wako watoto Mwese leo wanafuga ndevu kwa sababu ya sauti yake. Sifa zikaja kwangu.

Akaja mhandisi mmoja kutoka mjini, kijana mwenye tai, mtu mzuri kwa kweli. Akafungua boksi, akatazama, akakuna kichwa.

"Mzee, mchoro wake uko wapi?"

"Uko hapa," nikagonga kipaji changu.

"Na vifaa hivi mbona havina namba?"

"Vina aibu."

"Ukiumwa itakuwaje?"

"Nitakunywa dawa."

"Na ukifa?"

"Basi mtapumzika kelele zangu."

Watu wakacheka. Mama yako hakucheka. Kijana yule alipoondoka, akaacha kuchambua maharage akaniambia, "Baba Leo, wewe ni mtu wa kusafiri siku hizi. Hiki kitu kikizima, mimi nafanya nini?"

"Unaniita."

"Nakuita na nini? Si kimezima?"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Niliona ni kichekesho kizuri sana, nikakirudia kwenye pombe wiki nzima. Yeye akangoja nimalize kukohoa, akasema, "Nionyeshe hata kimoja tu, kile kinachoungua mara nyingi. Sitakuibia wateja. Mimi nina kuku zangu za kuangalia."

Nikamwambia umeme si mboga.

Hilo ndilo neno nililomwambia mke wangu. Nimelitafutia visingizio vingi. Kwamba nilikuwa natania, natania kila mtu. Kwamba nilimwogopea shoti. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kitu kimoja tu maishani ambacho wenye shule hawakukijua, na niliogopa hata mtu niliyelala naye asikijue, maana akikijua yeye, mimi nabaki nani? Nabaki mtu mfupi aliyemwekea mwalimu mjusi. Nikachukua hata kopo la akiba, lile la maziwa ya unga nililowekea vidude vya kubadilishia, nikakaa nalo jioni nzima na wembe. Vyote. Nilikwangua hata vya akiba, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Miezi mitatu baadaye niliitwa Sumbawanga kwenye maonyesho. Ulikuwa na miaka minne. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikamuuliza niende nisiende, lakini nilimuuliza nikiwa nimeshavaa viatu. Akasema, "Nenda, utanichosha hapa." Nikaenda. Nikapewa cheti na fulana nyeupe imeandikwa mgongoni MBUNIFU. Niliivaa hapohapo juu ya shati.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na Mama Kashindi, jirani yetu, mara moja tu, na mpaka anakufa hakunisimulia tena wala hakumwambia mtu, kwa ajili yako. Mimi nakuandikia kama alivyoniambia.

Radi ilipiga alfajiri. Haikupiga nyumba, ilipiga mbali, lakini waya ule juu ya mwanzi ulishika sehemu yake. Saa tatu asubuhi mama yako akaanza kutokwa na damu. Akaenda kwenye redio akabonyeza. Kimya. Mume wa Mama Kashindi akatoka mbio kwa miguu kushuka bondeni, saa tano hizo, na njia ilikuwa matope. Mama yako akasema, "Leteni mkaa." Akalifungua boksi. Mikono yake haikuwa imewahi kuligusa kwa ndani, lakini miaka yote ile alikuwa anatazama. Akaona mara moja kilichoungua, kilikuwa kimepasuka na kunuka. Akakitoa. Kazi ya fundi, mama. Chuma cha kulehemu amekipasha kwenye jiko la mkaa, mkanda wa khanga umebana tumbo, amekaa chini kwa sababu kusimama hawezi.

Halafu akafungua kopo la akiba.

Mama Kashindi alisema alimwaga vyote kwenye ungo, akavigeuza kimoja kimoja, akivipeleka kwenye mwanga wa mlango. Vyote vyeusi, vyote laini. Miguu mitatu kila kimoja na hakuna uso. Akasema, "Ee, Baba Leo." Hivyo tu, bila hasira. Mama Kashindi aliniambia alitamka kama anamwita mtu aliyeko chumba cha pili.

Akaanza kujaribu. Anachomelea, anabonyeza, kimya, anatoa. Wewe ulikuwa umekaa karibu na ungo. Alikuwa anakwambia, "Nipe kingine," na wewe unampa. Ulipokuwa darasa la sita uliwahi kunisimulia kwamba jambo pekee unalolikumbuka kwa mama yako ni mchezo fulani wa wadudu weusi wenye miguu mitatu, unampa mmoja mmoja, naye anasema asante mama. Ukaniuliza ulikuwa mchezo gani. Nikasema sijui, labda uliota. Ni kumbukumbu yako moja tu na leo naiharibu. Ningejua namna ya kukuambia haya bila kuigusa ningefanya.

Alijaribu mpaka mchana. Cha mwisho alikichomelea, akabonyeza, kimya. Akasema, "Basi nibebeni." Wakambeba kwenye machela. Hakufika bondeni. Walipokutana na gari la zahanati likipanda alikuwa ameshakata roho; gari lilikuwa limetoka dakika ile ile mume wa Mama Kashindi alipofika kuwaambia. Muuguzi yule alisema gari lilikuwa limesimama mlangoni tangu asubuhi, dereva anacheza bao.

Mimi nilifika siku ya tatu. Walikuwa wameshawazika wote wawili. Nilipanda kile kilima na fulana yangu nyeupe, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuniambia niivue.

Watu walipoondoka nikalifungua boksi. Zile siku nilikuwa bado nazijua kwa kichwa, kila transista kwa umbo lake, kama mtu anavyojua watoto wake gizani. Nikatazama kile alichokiweka mwisho. Kilikuwa ndicho chenyewe, Leo. Kati ya vidude vyote kwenye ule ungo alikuwa amekipata. Amekigeuza tu. Mguu wa kushoto umekwenda kulia, na hilo lisingejulikana na mtu yeyote bila namba, hata yule mhandisi mwenye tai. Nikakitoa, nikakigeuza, nikabonyeza. Sauti ya muuguzi ikaja hapohapo: "Milimani, ongea. Milimani? Nani huyo?"

Nikazima.

Kisha nikakirudisha kinyume, kama alivyokiacha. Madoa yale makubwa ya risasi ya kulehemu utakayoyaona hapo, mabaya, yamevimba kama uji uliomwagika, ni ya mama yako. Sikuyafuta. Ndiyo maandishi yake niliyo nayo.

Na watu walipokuja matanga wakauliza ilikuwaje, nikasema barabara. Nikasema mvua. Wote wakatikisa kichwa, wakaisema barabara. Diwani akaja akaisema barabara. Imekuwa barabara miaka kumi na sita. Nimekaa kimya huku watu wananipa pole na kuniita Mzee Redio, na wewe umekua ukiichukia ile njia. Uliniambia utasoma ili watu wa Mwese wasife kwa ajili ya barabara. Nilikuitikia nikasema vizuri, mama.

Tukahamia Mpanda mjini, unajua mengine. Sikutengeneza tena kitu kipya. Nilijaribu mara moja, mwaka wa pili, nikakaa na vidude vyangu mezani nikakuta nimesahau. Vile nilivyovikwangua mwenyewe, vimekuwa mbegu za papai hata kwangu. Ile akili niliyomnyima kila mtu iliondoka, haikuaga. Halafu ukasimamishwa mnara wa simu kule juu, kila mtoto ana sauti mfukoni. Mimi natengeneza chaja na tochi za Kichina, na jicho la kushoto sasa linaona ukungu. Nataniana na wateja. Wananiita mcheshi. Sina namna nyingine ya kukaa na watu mchana kutwa.

Sijui nikupe nasaha gani. Unakwenda mahali ambapo watakufundisha kuchora kila kitu kwenye karatasi, wapi kinaanzia na wapi kinaishia. Wengine mtacheka kwamba kazi ya michoro inachosha. Wewe chora. Chora kana kwamba atakayeusoma mchoro huo ameketi sakafuni na chuma kinapoa mkononi mwake. Zaidi ya hapo sina, na hata hili sina hakika linamrudishia mtu chochote.

Usiniambie umenisamehe kwa sababu mimi ni baba yako na umelelewa vizuri. Adabu ya namna hiyo sitaiweza. Ukitaka kunitukana, nitukane, nitakusaidia na maneno, Nyandwi aliniachia mengi. Ukitaka kukaa miaka usipige simu, sitamtuma shangazi yako akubembeleze. Boksi likiwa zito kwako liache hapa. Ukilichukua, waambie walimu wako ukweli, kwamba fundi wa kazi ile ya mwisho ni Skolastika.

Nilikuwa nimepanga barua hii nimpe konda kesho, akupe mkishapita Inyonga, wakati huwezi tena kushuka. Nilishamwona, hata jina lake nimelijua. Nimekaa hapa nikafikiria utakavyoisoma peke yako kati ya watu usiowajua, na mimi niko Mpanda nakunywa chai. Nikaona ni Sumbawanga ileile.

Kwa hiyo nimeiweka juu ya begi lako, utaiona ukiingia kuvua viatu. Mimi nitakuwa nimekaa nje, kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta wa chumba chako. Soma polepole, mwandiko wangu unajua ulivyo. Ukimaliza, kama unataka kuniuliza neno, niite, hata kwa sauti ndogo. Siendi dukani, siendi kwa jirani, siendi popote.

Baba yako.